Kinachong'aa Ndani ya Kwatzi: Amini Unga, Usiamini Rangi

Ukitaka kujua kama kinachong'aa ndani ya kwatzi, jiwe gumu ambalo mara nyingi ni jeupe, ni dhahabu au madini mengine, usianze na rangi. Rangi ya nje ya madini ya salfaidi (metali zilizoungana na salfa) hudanganya, kwa sababu hewa na unyevu huibadilisha. Kalkopairaiti (salfaidi ya shaba na chuma) iliyokaa wazi hupata rangi za zambarau na buluu, na wengi huidhania madini mengine kabisa. Kwa hiyo vunja jiwe kwanza, upate uso mpya, kisha ulitazame kwenye mwanga wa jua kwa lenzi ya kukuza mara 10. Ligeuzegeuze: dhahabu hubaki njano hata kivulini, ilhali pairaiti (salfaidi ya chuma, ile "dhahabu ya wajinga") humeta upande mmoja na kufifia ukiigeuza.

Hatua inayofuata ni sindano ya chuma. Kandamiza kidoa chenyewe kinachong'aa. Dhahabu hubonyea bila kuvunjika. Kalkopairaiti, yenye ugumu wa 3.5 hadi 4 kwenye kipimo cha Mohs cha 1 hadi 10, huchimbika na kutoa unga. Pairaiti, 6 hadi 6.5, huishinda sindano.

Kisha jaribu rangi ya unga kwa kusugua madini kwenye mgongo wa kigae, ule upande usiopakwa rangi. Hapa ndipo wengi huharibu: husugua jiwe zima. Kwatzi ina ugumu wa 7, hivyo hukikwaruza kigae, na ule unga mweupe unaouona ni wa kigae chenyewe. Ng'oa punje kwa ncha ya sindano, uisugue peke yake. Dhahabu huacha mstari wa njano. Pairaiti na kalkopairaiti, mweusi wenye ukijani. Galena (salfaidi ya risasi), kijivu cha risasi. Sfaleraiti (salfaidi ya zinki), njano iliyopauka au kahawia.

Galena hujitambulisha mapema, maana huvunjika kwa ngazi za pembe mraba. Pirotaiti (salfaidi nyingine ya chuma) huvutwa na sumaku.

Asenopairaiti (madini ya chuma, aseniki na salfa) inahitaji tahadhari ya kweli. Ni nyeupe kama fedha, na ukiigonga kwa nyundo hutoa harufu ya kitunguu saumu: hiyo ni aseniki. Usiichome kamwe, moshi wake ni sumu. Usivute vumbi lake, na nawa mikono kabla ya kula.

Usitupe jiwe kwa sababu tu hukuona dhahabu. Pairaiti na asenopairaiti huweza kuificha ikiwa ndogo mno kuonekana hata kwa lenzi. Jibu hutoka maabara, na sampuli ichanganye vipande vya mkanda mzima wa kwatzi, si vile vinavyong'aa tu.