Aliyewakosea anasubiri kupewa huduma kwa jamii, nyie mliotendewa mnasemea wapi? Uzoefu wangu

Mbukwenyi wakuu. Nimepitia swali la mdau wa Chang'ombe ya Dodoma na majibu hapo juu nikaona nishushe na mimi langu, maana hili limenipata mwenyewe, sijasimuliwa. Kwa mnaoingia sasa hivi, mdogo wake huyo mdau alipigwa chupa kichwani na kijana wa mtaani, kijana amekiri kosa mahakama ya wilaya, hakimu hajatoa adhabu, ameahirisha kusubiri ripoti ya watu wa probesheni, yani maafisa wa uangalizi, na tetesi zilizopo ni kwamba dogo atapewa huduma kwa jamii, yani afagie zahanati au alime bustani ya shule bila malipo halafu akalale kwao. Familia inauliza, sisi tuliopigiwa mtoto tuna pa kusema neno au ndo basi?

Pa kusemea papo, ila sio pale wengi wanapopasubiri. Watu wanasubiri siku ya adhabu, wanavaa vizuri, wanajaza benchi la nyuma, wanadhani hakimu atageuka aulize "haya familia mnasemaje". Hamtaulizwa. Kesi ikiwa ya wilaya ni Jamhuri dhidi ya fulani, mwenye kesi ni Jamhuri, wewe uliyepasuliwa ni shahidi, ukishatoa ushahidi umemaliza, na kama mtu amekiri mapema hata huo ushahidi hukuutoa kabisa. Hapo mwendesha mashtaka anasema kama ana kumbukumbu za makosa ya nyuma au hana, kisha mshtakiwa anapewa nafasi ya kuomba apunguziwe, na hapo ndo utasikia yeye ni kosa lake la kwanza, ana mama mgonjwa, ana mtoto mchanga, anategemewa na ukoo mzima, wakati juzi tu mlikuwa mnamuona kijiweni hata sabuni ya kufulia ananunuliwa. Mahakama ya mwanzo ni tofauti kidogo, kule mlalamikaji ndo mwenye kesi na anasimama mwenyewe, ndo maana wengine wanawajibu kwa kujiamini "we simama tu uongee", walipita mahakama ya mwanzo hao.

Kuna mdau kasema kosa la kudhuru mwili ni miaka mitano kwahiyo haliwezi kwenda huduma kwa jamii. Linaweza mkuu. Sheria ya Huduma kwa Jamii ya 2002 haiangalii tu kosa lina miaka mingapi kwenye kitabu, hata kosa lenye zaidi ya miaka mitatu likiingia kwa hakimu akaona huyu aliye mbele yake stahiki yake ni miaka mitatu au chini ya hapo, anaweza badala ya jela kumpa kazi. Ila kabla ya kutoa hiyo amri anaagiza afisa aende kuchunguza, na hiyo ripoti ya uchunguzi ndo mlango wenu. Ikishafika mezani kwa hakimu bila maneno yenu mtabaki kunong'ona koridoni.

Sasa ya kwangu. Nina kashamba ka zabibu huko Hombolo, mama ndo anakaa pale. Usiku mmoja akasikia pampu inaburuzwa, akatoka na tochi, akammulika kijana wa jirani usoni, mtoto aliyemuona akizaliwa. Kijana akakimbia na pampu, kesho yake kakamatwa, pampu imeshauzwa. Akakiri. Hakimu akaagiza ripoti.

Aliyekuja ni dada mmoja afisa wa Idara ya Huduma za Uangalizi, hiyo iko Wizara ya Mambo ya Ndani, mtaani tunawaita tu probesheni. Kaja na bodaboda, faili kwapani, vumbi mpaka kwenye kope. Tukampa kigoda chini ya mkwaju. Alikuwa ameshapita kwa mwenyekiti wa kijiji na kwa wazazi wa kijana, sisi tulikuwa wa mwisho. Akaniuliza tulikuwa na ugomvi wowote kabla, pampu imerudi, tunamuogopa, familia zinasalimiana. Mimi nilikuwa na hasira zangu, nikamwambia huyo peleka gereza la Isanga akale ugali wa serikali, na nikaongeza na mengine ambayo hapa moderator atafuta. Dada akaandika bila kuinua kichwa, anaonekana kashayasikia hayo kila nyumba anayopita.

Mama alikuwa kimya anachambua mlenda, ndo akasema, "Mwanangu, mimi jela simtakii, baba yake nimezika naye watu. Ila mnampeleka zahanati, na mimi zahanati ndo kwenye dawa zangu za presha. Nikimkuta pale getini na fagio nitarudi nyumbani bila dawa." Yule dada akaacha kuandika. Akauliza, "Mama, kliniki yako siku gani?" Akauliza zahanati nyingine iko wapi, akauliza shule ya msingi iko upande gani wa kijiji. Kumbe alishaanza kupanga zahanati kwasababu ni karibu na kwa kina kijana na pana mtu wa kumsimamia, na hakuna aliyemwambia kwamba bibi aliyemulika tochi anapita getini pale pale kila mwezi. Angejuaje?

Hukumu ilivyotoka akapangiwa shule ya msingi, upande wa pili kabisa, na akaamriwa fidia. Ile Isanga niliyomuombea hata haikutajwa.

Ndo maana mdau nakwambia, afisa akija kwenu msimpe hotuba ya kuumia. Anajua mmeumia, yuko pale kwasababu mmeumia. Mpeni vitu ambavyo anaweza kuvifanyia kazi. Huyo kijana akipangiwa kituo cha afya cha hapo mtaani na mdogo wako bado anaenda kubadilisha bandeji pale pale, semeni. Kama anapita na wenzake mbele ya nyumba wanachekelea, semeni siku na saa, na nani aliona. Kama mdogo wako ameacha shule kwasababu njia ni ile ile, semeni hilo. Gharama toeni karatasi: nakala ya PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, risiti za hospitali, risiti za dawa, hata za bajaji kama mnazo. Fidia mahakama inaweza kuamuru juu ya adhabu nyingine, sheria inaruhusu, na Katiba yenyewe Ibara ya 107A imetaja kutoa fidia ipasavyo kwa walioathirika na makosa ya wengine kuwa moja ya misingi ambayo mahakama inatakiwa ifuate, ila hakimu hawezi kukadiria kitu ambacho hajakiona. Kwangu risiti ya pampu ndo iliongea, laki nne na nusu, baba wa kijana akauza mbuzi mnadani Msalato akaleta nusu, nyingine ikaja kwa kuvutana.

Na afisa asipokuja? Inatokea, maafisa ni wachache na wilaya zetu si unajua zilivyo, mtu anatoka mjini mpaka huko ndani kwa nauli ya kuungaunga. Msikae mkasubiri. Nendeni masjala na namba ya kesi, muulizeni karani ripoti ameagizwa nani, mtafuteni. Andikeni barua ukurasa mmoja, majina, simu, mnachoomba, mkabidhi na mbaki na nakala iliyogongwa muhuri. Nakala nyingine mpeni mwendesha mashtaka, yeye anaweza kusimama akamuomba hakimu awasikilize kabla ya adhabu, Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inamruhusu hakimu kupokea ushahidi anaoona unafaa ili ajue adhabu gani inastahili. Anaruhusiwa, halazimishwi, kwahiyo ombi liende mapema na liende kwa heshima. Mkishindwa kuandika kuna wasaidizi wa kisheria, wapo kwa mujibu wa Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 na huduma ni bure, mtu akikudai hela ya "kufungua faili" ondoka.

Halafu kuna jamaa kaleta mambo ya Colorado kule Marekani. Ni kweli, wananchi wa jimbo lile walipiga kura 1992 katiba yao ikaingiza haki ya mwathirika kujulishwa, kuwepo na kusikilizwa kwenye hatua muhimu za kesi, na kule mtu hapelekwi kwenye makazi ya uangalizi mtaani mpaka bodi ya eneo hilo imkubali, na mwathirika anaweza kupeleka maneno yake kwenye hiyo bodi. Nzuri sana, mimi ningependa na kwetu iandikwe hivyo kwamba lazima muulizwe, isitegemee afisa ana moyo au ana mafuta ya pikipiki. Ila mdau ana kesi Dodoma na tarehe iko karibu, Colorado haitamsaidia, huku hakuna bodi, huku ni hakimu na ripoti.

Mchanganyo mwingine niliouona humu ni wa parole. Hiyo ni ya mtu aliyeko ndani tayari, anatolewa kwa masharti kabla kifungo hakijaisha, Sheria ya Bodi za Parole ya 1994, lazima awe ametumikia walau theluthi ya kifungo, na wa kifungo cha maisha hayumo. Na msamaha wa Rais wa 9 Disemba au sikukuu ya Muungano huo hakuna anayekupigia simu, utamuona mtu sokoni Majengo ananunua nyanya.

Mdau, mengine mawili. Familia ya kijana wakija usiku na mbuzi na mwenyekiti wa mtaa kuomba yaishe, kuongea ongeeni, hata sisi tuliongea, ila msiweke sahihi kwenye karatasi yoyote ya "tumesamehe hatuna madai" kabla fidia haijakamilika, maana ile karatasi itaingia kwenye ripoti kabla ya barua yenu. Na akishaanza kazi, chukueni namba ya afisa na jina la msimamizi wa hapo anapofanyia, asipotokea kazini au akianza vitisho pigeni kwa afisa na sio kwa mjomba wenu wa polisi, kwasababu afisa ndo anayeweza kumrudisha kwa hakimu aliyetoa amri. Siku ya tarehe fikeni saa mbili, na ikiwa ripoti haijaja kesi itaahirishwa tena, msitoke mpaka karani awasomee tarehe mpya.