Mafuta ya boraji, sabuni mpya na miezi minne ya kujidanganya

Nilianza kumeza mafuta ya boraji wiki ileile niliyobadilisha sabuni ya kuogea. Kosa langu lilianzia hapo.

Nina pumu ya ngozi tangu utotoni. Inanishika kwenye mikunjo ya viwiko na nyuma ya magoti, na kuna usiku ninajikuna usingizini hadi naamka shuka lina madoa ya damu. Mtu wa hali hiyo akisikia kuna kitu kinachosaidia, haulizi maswali mengi. Rafiki yangu alinisifia vidonge vyake, nami nikanunua kopo siku hiyohiyo.

Boraji ni mmea wenye asili ya eneo la Mediterania, wenye majani ya vinyweleo na maua ya buluu mfano wa nyota. Mafuta hukamuliwa kwenye mbegu. Sifa yake yote inatokana na asidi moja ya mafuta, asidi ya gama-linoleniki, ambayo kwenye vibandiko huandikwa GLA. Ni jamaa wa omega-6, kundi la mafuta yanayopatikana kwenye mimea. Mwili hujitengenezea kiasi kidogo kutokana na mafuta ya kawaida ya mimea, kisha huigeuza kuwa kemikali zinazosaidia kutuliza uvimbe. Katika mafuta ya boraji, GLA huwa kati ya asilimia 20 na 25 hivi. Mafuta ya primrosi, mpinzani wake wa dukani, huwa nayo asilimia 8 hadi 10. Nadharia ina mantiki, nami niliimeza pamoja na vidonge.

Mwezi wa pili ngozi ilitulia, nikaanza kuyapigia debe mafuta kama niliyelipwa. Kisha kopo likaisha nikawa sina fedha za jingine. Nikasubiri miwasho irudi, haikurudi. Ilirudi baadaye sana, siku chache baada ya kuitumia tena sabuni yangu ya zamani yenye marashi. Nikaiacha, ngozi ikatulia tena. Mafuta hayakuwepo safari zote mbili.

Ndipo nikasoma nilichopaswa kusoma kabla. Mwaka 2013, watafiti wa Cochrane, mtandao wa kimataifa unaochambua ushahidi wa tiba, walikusanya majaribio 27 ya mafuta ya primrosi na boraji kwa watu wenye pumu ya ngozi, jumla wagonjwa 1,596. Waliomeza mafuta hawakupata nafuu kuliko waliomeza vidonge visivyo na kitu. Kwa hiyo kama ngozi ndiyo inayokusumbua, fedha yako ielekeze kwenye krimu nzito ya kulainisha ngozi isiyo na manukato, na usiache dawa ulizoandikiwa.

Kwa baridi yabisi ya viungo habari ni tofauti kidogo. Kuna majaribio madogo ya miaka ya 1990 ambamo wagonjwa waliotumia GLA walipungukiwa maumivu na uvimbe, lakini dozi zilikuwa kubwa: gramu 1.4 za GLA kwa siku katika moja, gramu 2.8 katika jingine, na kwa miezi sita. Kidonge cha miligramu 1,000 za mafuta kina GLA miligramu 200 na kitu. Piga hesabu: ni vidonge sita au saba kila siku ili kuifikia ile dozi ndogo. Anayemeza kimoja kwa siku akitarajia matokeo yale anajipa moyo tu. Na dozi za ukubwa huo si za kujipangia mwenyewe. Zijadili na daktari anayekutibu.

Ndiyo maana nasema, ukisoma kibandiko, zile 1,000 zilizoandikwa kwa herufi kubwa mbele zipuuze. Geuza kopo utafute miligramu za GLA.

Jambo ambalo sikulijua kabisa, na lililonishtua, ni ini. Mmea wa boraji una alkaloidi za pirolizidini, sumu inayoharibu ini ikijikusanya mwilini. Usafishaji mzuri wa mafuta huziondoa, ila si kila mtengenezaji anajali kupima. Nunua yale tu yaliyothibitishwa kwamba hayana alkaloidi hizo, na kama kopo halisemi chochote, liache rafuni. Usidanganyike pia kwamba majani au chai yake ni mbadala wa bei nafuu.

Mjamzito na anayenyonyesha wasiyaguse. Mwenye kifafa vilevile: kuna mwanamke aliyeripotiwa mwaka 2011 kupata degedege zisizokatika baada ya kuyatumia kwa wiki moja tu. Anayetumia warfarini au dawa nyingine za kuzuia damu kuganda aulize kwanza, na anayesubiri upasuaji amwambie daktari mapema ili ayasitishe. Mengine ni madogo: tumbo kujaa gesi, choo laini, kucheua. Mimi nilicheua sana, hasa nilipomeza kabla ya kula.

Ukiamua kujaribu, usibadilishe kitu kingine chochote kipindi hicho. Andika tarehe ya kuanza na jipe miezi mitatu, kwa sababu mafuta haya hayafanyi kazi kwa siku mbili. Piga picha ya sehemu inayokusumbua kila Jumapili, mwanga uleule. Kisha acha uone kinachotokea; hatua hii watu wengi huiruka, na kama kopo langu lisingeisha nami ningeiruka.

Kopo la pili nililonunua baadaye, kwa ukaidi tu, lilikaa dirishani juani. Nilipolifungua lilinuka kama rangi ya mlango. Mafuta haya huchacha upesi, yanataka giza na ubaridi. Nililitupa, na sabuni ya marashi nikaitupa siku hiyohiyo.