Daftari lililomnyamazisha Mzee

*Shangazi, shikamoo. Ninaishi Nakivale, makazi ya wakimbizi huku Uganda, nashona nguo. Jioni huwa tunakaa wanne kwenye sigiri ya mama mmoja kutoka Bukavu aliyefiwa na mumewe: yeye, mimi, kijana wa bodaboda kutoka Burundi anayepambana na pombe, na Mzee mmoja Msomali. Hatuna undugu, lakini asiyeonekana siku moja tunamfuata kwake. Kwa miaka miwili naandika riwaya juu yetu. Wiki jana kijana alilikuta daftari, akasoma kwa sauti ukurasa wa mtoto wa Mzee aliyepotea njiani. Mzee aliinuka, akaacha chai yake, hajarudi. Nilichome daftari? – Fundi Cherehani*

Marahaba, mwanangu. Usilichome. Liweke chini ya cherehani, kisha nenda kwa Mzee leo hii, jua lisizame.

Usiende na daftari. Nenda na chai yake, ile ya iliki. Mwambie umechukua neno lake bila ruhusa na unaomba radhi, halafu unyamaze. Usimwambie kwamba ni hadithi tu. Kwake yule ni mtoto. Wala usijitetee kwamba jina ulibadilisha.

Hilo la jina nalijua kwa uchungu. Zamani niliandika katika safu kama hii kisa cha jirani yangu. Nilibadilisha jina, mtaa, hata idadi ya watoto, nikasahau kitambaa chake cha njano alichokuwa akifungia funguo kwenye pindo. Alikuja na gazeti, akaweka kidole juu ya neno "kitambaa". Hakunigombeza. Ila tangu siku ile, chumvi ikimwishia, alipita mlango wangu akaenda kuomba nyumba ya tatu.

Na hapo mlipo, mwanangu, jambo hili ni zito zaidi. Nakivale inapokea wakimbizi tangu 1958, na anayefika hapo lazima asimulie yaliyompata: dirisha hili, ofisi ile, mbele ya mtu mwenye kalamu, ndipo apate karatasi. Mzee wako amesimulia hivyo mara ngapi? Kwenye sigiri alisimulia kwa sababu alidhani hakuna anayeandika. Ndicho kilichomuuma, naamini, kuliko huo ukurasa wenyewe.

Akisema kurasa zake zitoke, zitoe, na usimbembeleze. Riwaya haitakufa. Mwache Mzee wa riwayani akae na kimya chake, ashike kikombe kwa mikono miwili, na msomaji asiambiwe sababu. Akikubali zibaki, msomee kabla ya mtu mwingine yeyote, umsikilize anapokusahihisha.

Sasa nije kwako. Barua yako nimeisoma mara tatu. Mama amefiwa na mume, kijana anapambana na pombe, Mzee amepoteza mtoto. Wewe unashona nguo, basi. Mtu haketi miaka miwili kwenye sigiri ya watu wasio ndugu zake kwa sababu ya kushona. Kilichokupeleka pale hakimo katika barua, na nina hofu hata daftarini hakimo. Kiandike hicho. Ni chako, huhitaji ruhusa ya mtu, na naona wenzako watasomeka vizuri zaidi ukiwa umekaa katikati yao, si pembeni na kalamu.

Siku ukiwa tayari kusomwa na watu wasiowajua wenzako hao, Kampala kuna FEMRITE, chama cha waandishi wanawake kilichoanza miaka ya 1990. Kimewahi kuchapisha shuhuda za wanawake waliopitia vita vya kaskazini mwa Uganda, kwa hiyo kuandika maumivu ya mtu aliye hai si jambo geni kwao. Ni mbali na kwako, najua. Jiwekee nauli kidogo kidogo.

Lakini kwanza Mzee. Asipofungua mlango leo, acha chai kizingitini, urudi kesho. Na mwambie mama wa Bukavu asimpe mgeni kikombe cha Mzee.

Shangazi yako