Najua kuchora, lakini je, usanifu majengo unanifaa?

SWALI: Shikamoo. Mimi ni binti wa miaka 19, nakaa Uyole, Mbeya. Nimemaliza kidato cha sita, mchepuo wa PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati). Tangu shule ya msingi nachora sana, hasa sura za watu. Hesabu naziweza, ila sijawahi kuwa wa kwanza darasani. Ni mkimya, kusimama mbele ya watu kunanipa shida. Baba anataka nisome uhandisi ujenzi, lakini moyo wangu uko kwenye usanifu majengo. Nitajuaje kama fani hii inanifaa kabla sijaingia miaka mitano chuoni?

JIBU: Marahaba, binti yangu. Umeuliza mapema, na hilo limenifurahisha, kwa sababu wengi huuliza wakiwa tayari mwaka wa pili, mkopo umeshaanza kutoka na kurudi nyuma ni kazi.

Nianze na kuchora. Mkono unaochora sura vizuri una jicho la kuona uwiano, na hiyo ni faida. Lakini usiufanye ndio kipimo chako. Mchoro wetu sisi wasanifu ni maagizo kwa fundi: ukuta unaanzia wapi, mlango unafungukia upande gani, maji ya paa yanaangukia wapi. Skeli, yaani kupunguza vipimo halisi vienee kwenye karatasi, utafundishwa, programu za kompyuta utafundishwa, hata kuchora kwa mkono watu wanajifunza wakiwa chuoni na wanakuwa wazuri. Ninachokiona kigumu kumfundisha mtu ni vitu viwili: udadisi wa jinsi watu wanavyoishi ndani ya nyumba, na moyo wa kuirudia kazi uliyodhani imekwisha.

Huo udadisi hapa kwetu una chakula kingi. Tukuyu hupata mvua zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Iringa mjini haifiki hata nusu yake. Wazee walilijua hilo bila kuingia darasani. Wahehe wa Iringa walijenga tembe zenye paa bapa la udongo, Wanyakyusa kule Rungwe wakajenga kwa mianzi na kuezeka kwa mwinuko mkali ili maji yakimbie. Leo watu wanachukua ramani moja kwenye simu na kuijenga popote. Ukipita Tukuyu, angalia chini ya kuta za matofali ya kuchoma kwenye nyumba yenye upenu mfupi. Maji yanadondoka kutoka kwenye bati, yanaruka kutoka ardhini, na mistari miwili mitatu ya matofali ya chini imelowa, imeota ukungu, pengine tofali limeanza kumeguka. Je, wewe ni mtu wa kusimama na kujiuliza upenu ule ungeongezwa kiasi gani? Au unapita tu? Jibu la hapo lina uzito kuliko daftari lako la sura za watu.

Kuhusu hesabu, usiogope, ila usizikimbie. Hesabu zetu za kila siku ni za aina hii. Una nyumba ya ghorofa, kutoka sakafu ya chini hadi ya juu ni mita 3. Ukigawa vidato 18, kila kimoja kinapanda milimita 167 hivi, kimo ambacho mtu mzima hakimchoshi. Pa kukanyagia unaweka milimita 280. Kanuni ya zamani inasema kimo mara mbili, jumlisha upana wa kukanyagia, kiwe karibu milimita 600 hadi 630. Hapa unapata 614, ngazi inapandika vizuri. Lakini sehemu za kukanyagia ni 17, kwa hiyo ngazi ikinyooka inataka mita 4.76 za urefu, na sebule ya mteja ina mita 4. Sasa ufanyeje? Uikunje ngazi katikati? Uisogeze jikoni? Ukipunguza pa kukanyagia, bibi wa nyumba hiyo atashukaje? Kama fumbo hili limekuvuta na unatamani kuchukua penseli, hiyo ni dalili nzuri sana. Kama limekuchosha, lichukulie kwa uzito, maana kazi yetu imejaa mafumbo ya namna hii.

Upande wa tabia ndio huwaangusha wengi. Chuoni utakesha wiki nzima ukichora na kukata maboksi ya modeli, kisha utabandika kazi yako ukutani mbele ya walimu na wenzako, na mwalimu atasema lango umeliweka upande usiofaa, anza upya. Inauma. Nimeona wanafunzi wenye vipaji vikubwa wakiiacha fani kwa sababu kila sahihisho walilisikia kama tusi, na wengine wa kawaida kabisa wakawa wasanifu imara kwa sababu kesho yake asubuhi walikuwa mezani wakifuta. Ukimya wako hauna ubaya wowote. Mkimya mara nyingi anasikiliza, na mteja wa Mbeya anayejenga kwa pesa ya mahindi au viazi anahitaji mtu wa kumsikiliza kabla ya kumpangia. Ila kueleza wazo lako kwa dakika kumi mbele ya watu itabidi ujifunze. Anzia kanisani au kwenye kikundi, popote pale.

Jipime hivi ukiwa nyumbani. Chukua futi kamba, pima nyumba yenu yote, unene wa kuta, madirisha, milango, mpaka choo cha nje. Ichore kwa skeli ya 1:50, yaani kila mita moja iwe sentimita 2 kwenye karatasi. Weka alama ya kaskazini. Mwezi wa sita na wa saba, baridi inapobana, jua la mchana kwetu hupita upande wa kaskazini. Angalia ni chumba gani kinalipata na nani analala kwenye kile kisichopata. Andika moshi wa jikoni unaelekea wapi, mama anachambulia wapi maharage, wageni wanapita wapi. Kisha jipe kazi: bibi anahamia kwenu na hawezi kupanda ngazi. Ongeza chumba chake bila kuziba mwanga wa chumba kingine. Mpe mama aikosoe, mpe na fundi mmoja wa mtaani. Irudie, kisha uirudie tena. Jichunguze ukifika mchoro wa tatu: unataka kuendelea, au unatafuta kisingizio?

Mzee wako naye ana hoja, mpe heshima yake. Mhandisi anahakikisha jengo linasimama: nguzo, nondo, msingi kwenye udongo uliopo. Msanifu anaamua liweje na litumikeje, halafu wanakaa meza moja. Ukigundua kwenye zoezi lako kwamba ulifurahia zaidi kuwaza boriti itabeba uzito kiasi gani, basi baba ameona vizuri. Na kama ulivutwa na kuhesabu matofali na gharama, upo ukadiriaji majenzi.

Njia yenyewe ni ndefu. Shahada ni miaka mitano katika Chuo Kikuu Ardhi, Dar es Salaam, na hapa Mbeya Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia (MUST) nao wanafundisha fani hii. Sifa za kujiunga zisome kwenye mwongozo wa Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) wa mwaka unaoomba, usitegemee maneno ya watu. Ukihitimu unafanya kazi chini ya wenye uzoefu, kisha unafanya mtihani wa AQRB, bodi inayosajili wasanifu majengo na wakadiriaji majenzi, ndipo usajiliwe. Hapo katikati kipato ni kidogo, na chuoni kompyuta, karatasi na kuchapisha michoro vinakula hela. Zungumzeni hilo nyumbani waziwazi, pamoja na baba.

Kabla hujajaza maombi, omba kukaa wiki chache kwenye ofisi ya msanifu aliyesajiliwa, na siku anayokwenda saiti uongozane naye. Zoezi la nyumba ukilimaliza, nitumie picha za michoro yote mitatu, ukiwemo ule mama aliouandikia makosa. Huo ndio nitaanza kuusoma.