Tanga, Amani, Pangani kwa baiskeli: kabla ya yote angalia upepo

Watu wakisikia nazunguka huko kwa baiskeli swali la kwanza ni baiskeli gani, la pili ni kilomita ngapi, na hakuna anayeuliza mwezi huo upepo unatoka wapi, wakati kwa mzunguko huu upepo ndo unaamua kama utafurahia safari au utatukana kila mtu aliyekushauri.

Mzunguko wenyewe ni huu: unatoka Tanga mjini mpaka Muheza, unapanda Amani kwenye milima ya Usambara unalala, unashuka Muheza tena, unakata kwenda Pangani unalala, afu unarudi Tanga kwa barabara ya pwani. Hicho kipande cha mwisho ni kama kilomita 50 na kinaelekea kaskazini, bahari iko mkono wa kulia. Kuanzia kama mwezi wa tano mpaka wa tisa pwani yetu inapigwa na upepo wa kusi, unaotoka kusini, kwahiyo unakusukuma mgongoni mpaka mjini hata kama miguu imeshachoka na siku za nyuma. Ukienda mwezi wa kwanza au wa pili ni kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini, huo unakuja usoni, basi geuza mzunguko mzima uanze na Pangani. Manahodha wa majahazi walikuwa wanapanga safari zao hivyohivyo toka enzi, sisi wa baiskeli tunajifanya wajanja. Mi napendekeza mwezi wa saba hadi wa tisa, masika yameshapita na njia ya milimani imekauka kidogo, ingawa Amani mvua haikosi mwaka mzima, koti la mvua usiache.

Tanga mpaka Muheza sina mengi ya kusema. Ni lami, ni barabara kuu ya kwenda Segera, kuna mabasi na karibu na Pongwe kuna malori ya saruji, kwahiyo toka alfajiri, weka taa ya nyuma na usishindane na mtu. Muheza kula machungwa, msimu ukiwa umekubali wanayauza kwa malundo barabarani, na beba mengine kwenye begi maana huko juu utayahitaji.

Sasa Amani. Muheza ukiiacha unapita mashamba na vijiji, barabara ya vumbi inapanda na kushuka, unafika Zigi ambako ndo geti la hifadhi, unalipa kiingilio hapo. Ile nyumba ya zamani pale ilikuwa ya mkuu wa stesheni, Wajerumani walileta kireli chembamba mpaka Zigi kwa ajili ya kushusha magogo. Pumzika hapo vizuri, kunywa maji, kwasababu kutoka Zigi kwenda juu ni kama kilomita 10 za kupanda tu, kona baada ya kona ndani ya msitu, mpaka mita 900 na kitu juu ya bahari. Sehemu nyingine utashuka ukokote na hakuna aibu yoyote, wenyeji wenyewe wanakokota. Ukiwa unakokota ndo unaona vitu: mbega wanaruka juu ya kichwa chako, hondohondo wanapiga kelele utadhani kuna ndege ya injini imeharibika, na kwenye miamba yenye unyevu kuna yale maua madogo ya zambarau ambayo Ulaya wanayafuga madirishani, asili yake ni milima hii hii ya Usambara.

Ule msemo wetu wa Tanga, waja leo waondoka leo, kwa Amani hapana, lala. Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti wa kilimo pale mwaka 1902 wakapanda miti kutoka kila pembe ya dunia, na bustani ipo mpaka leo, unazunguka asubuhi na ukungu wake huku watu wanapita na iliki na mdalasini vichwani. Ukiwa na nguvu zaidi endelea mpaka kwenye mashamba ya chai ya Kwamkoro.

Kuhusu baiskeli: Foneksi, ile ya kawaida isiyo na gia, itakufikisha Muheza na Pangani bila neno, Tanga watu wanabebea mkaa na madumu kila siku ya Mungu. Kwa Amani tafuta yenye gia, na sio gia tu, shida kubwa ni kushuka, zile breki za mpira zikilowa hazishiki na zikichemka zinanuka, kwahiyo badilisha mpira kabla hujaondoka na simama simama njiani uzipoze. Tyubu za 26 na 28 fundi yeyote wa chini ya mwembe anazo, kama unatumia 29 beba zako, na gundi ya pancha, na pampu.

Muheza kwenda Pangani ni kama kilomita 45, mkonge na minazi, jua kali, vivuli vichache, maji beba zaidi ya unavyodhani. Mkonge wenyewe una historia huku huku: Dk. Hindorf, Mjerumani mtaalamu wa kilimo, aliuleta mwaka 1893 na shamba la mwanzo lilikuwa Kikogwe, ng'ambo ya mto Pangani.

Pangani mjini usipite tu kwa kukimbilia ufukweni. Mji uko mdomoni mwa mto unaoanzia huko Kilimanjaro na Meru, misafara ya pembe na watumwa ilikuwa inaishia hapa, na mwaka 1888 vita ya Abushiri bin Salim ilianzia hapa hapa, baada ya kampuni ya Wajerumani kuja kupandisha bendera yao. Walimnyonga hapo hapo Pangani, Desemba 1889. Tembea kwa miguu, baiskeli uiache gesti, angalia Boma na yale majumba ya milango ya kuchonga, mengine yanaanguka na inauma kuyaona, jioni kaa mtoni uangalie watu wakivuka kwenda Bweni. Kuoga mtoni hapana, mamba wapo. Kuoga nenda baharini.

Asubuhi ya kurudi usikimbie sana maana upepo wa kusi unapata nguvu jua likipanda, ukitoka saa moja mpaka saa nne unakuwa unasukumwa vizuri. Simama Tongoni, kuna gofu la msikiti na makaburi ya zamani ya Waswahili zaidi ya 40, mlinzi akiwepo atakuzungusha. Kutoka hapo Tanga mjini unaingia kabla ya adhuhuri, na kama cheni imekula mchanga wa pwani ioshe siku hiyo hiyo kwa mafuta ya taa kabla hujala.