Kompyuta chakavu za stoo: msizifufue, toeni floppy zipige muziki

Mkuu, umesema stoo ya chuo chenu imejaa kompyuta za zamani za Pentium III, wiki ya wanafunzi inakaribia na mnataka kitu cha kushangaza watu. Wengi waliokujibu hapo juu wamekushauri mziwekee Linux, mfumo endeshi wa bure, zitumike tena. Mimi sikubaliani nao. Mashine ya RAM MB 128 hata ikiwaka, tovuti za leo zitaishinda, na watu watapita tu kama hawajaona kitu. Toeni humo kinachotembea: draivu za floppy, zile zilizokuwa zikisoma diski laini za zamani.

Sisi tulifanya hivyo Morogoro, vijana wa IT pamoja na jamaa mmoja wa ualimu aliyekuwa anapiga kinanda kwaya ya kanisani kwao. Huyo nitamrudia.

Ndani ya draivu kuna mota inayosogeza kichwa cha kusomea hatua kwa hatua. Kila mpigo wa umeme kwenye pini namba 20 ya soketi ya nyuma, panapoingia mkanda wa waya, kichwa kinasogea hatua moja. Tuma mipigo 440 kwa sekunde, mota inanguruma noti ya La. Ndiyo siri yote. Pini 18 inaamua kiende mbele au nyuma, na lazima kigeuzwe kila mara maana njia yake ina hatua 80 tu. Pini 12 iunganishe na 11, ambayo ni graundi kama zilivyo pini zote za namba witiri. Taa ndogo ya mbele ikiwaka, ujue draivu iko tayari kupokea amri.

Umeme wa zile za inchi 3.5 ni volti 5, mnaupata kwenye pawasaplai za kompyuta hizohizo. Kama ni za aina ya ATX, waya wa kijani ukiugusisha na mweusi wowote inawaka. Kasha lake msilifungue, kapasita za ndani hukaa na chaji hata ikiwa imechomolewa.

Programu ya kutuma hiyo mipigo inaitwa Moppy, ni ya bure. Kati ya kompyuta na draivu mnaweka Arduino Uno, kibodi kidogo cha saketi kinachoprogramiwa; moja inabeba draivu nane, na zile za kuiga za Kichina zinatosha kabisa.

Sasa yule wa kwaya. Draivu moja inatoa noti moja kwa wakati mmoja, basi. Ukiirushia faili la MIDI (muziki ulioandikwa kama orodha ya noti) la bongofleva lenye vyombo kumi na tano unapata kelele za mashine ya kusaga. Yeye alikaa akaupanga wimbo kama anavyowapangia waimbaji: sauti ya kwanza, ya pili, ya tatu na besi, kila moja na draivu yake. Besi ndiyo floppy inaipenda. Sauti ya kwanza aliishusha oktava nzima, kwa sababu ukivuka mipigo kama 500 kwa sekunde mota inashindwa kufuata, inabaki kulia pale pale. Mtafuteni mtu wa namna hiyo kabla hata ya kutafuta nyaya.

Jingine: draivu zifungeni kwa skrubu juu ya boksi la mbao lililo wazi ndani. Zikilazwa mezani hivihivi hazisikiki hata hatua tano.

Monita za kioo kinene, hapana, msizifungue. Mle kuna volti zaidi ya 20,000, na kioo kina madini ya risasi. Mkitaka kuzitumia, wekeni sumaku kubwa juu ya kasha kwa nje, picha inapinda na rangi zinachuruzika. Msanii Nam June Paik alifanya hivyo na televisheni tangu 1965. Rangi zikigoma kurudi, tafuteni kwenye menyu kitufe cha degauss, kinachoondoa usumaku.

Na barua ya ruhusa ni muhimu. Chakavu au si chakavu, vitu viko kwenye rejista ya mali ya chuo. Mtunza stoo wetu alitaka namba ya kila kifaa na sahihi ya mkuu wa idara, na alikuwa sahihi.

Draivu zenu ni za inchi 3.5 au zile kubwa? Piga picha ya nyuma, panapoingia mkanda wa waya, uitupie hapa.