Hamu ya kula ikikimbia: anza na kidonge, keki ya bangi isubiri

Msomaji aliyeko Minnesota anauliza. Yuko kwenye ARV, chakula hakipiti, suruali zote zinapwaya, na jirani kamshauri keki ya bangi kwa kuwa jimbo limeruhusu.

Keki isubiri. Muulize daktari wako kuhusu dronabinol. Ni THC ileile inayolewesha kwenye bangi, ila imetengenezwa maabara na kupimwa, na tangu 1992 imeidhinishwa Marekani kwa wagonjwa wa UKIMWI wanaokonda kwa kukosa hamu ya kula. Kwa kawaida mtu huanza na miligramu 2.5 mara mbili kwa siku: saa moja kabla ya chakula cha mchana, saa moja kabla ya cha jioni. Ukimeza kidonge sahani ikiwa tayari mezani, njaa itakuja vyombo vimeshaoshwa. Kizunguzungu cha siku za mwanzo mara nyingi huisha ndani ya siku tatu. Kisipoisha, daktari hukubakishia kile cha jioni tu. Kidonge kina mafuta ya ufuta ndani, kwa hiyo mwenye mzio wa ufuta asikiguse.

Keki ina tabia ya kuchelewa: nusu saa, hata saa mbili. Asiye na subira huongeza kipande cha pili, halafu vyote vinampanda kwa pamoja. Na kama ARV zako zina ritonavir au cobicistat, ini huisafisha THC polepole zaidi, hivyo ulevi unaweza kuzidi na kukawia. Hilo linahusu kidonge pia. Mtajie daktari dawa zote.

Miguu inayowaka moto na kufa ganzi ni habari nyingine. Jaribio la San Francisco lililochapishwa 2007 liliwapa wagonjwa wa VVU wenye maumivu hayo sigara za bangi tatu kwa siku, siku tano: maumivu yalishuka kwa asilimia 34, dhidi ya 17 kwa waliovuta zisizo na THC. Nafuu ipo, ila moshi ni moshi, na bangi yenye ukungu ni hatari kwa mapafu ya mwenye CD4 (chembe za kinga) za chini.

Ukianza kutapika mfululizo na kupata nafuu ukioga maji ya moto tu, huenda bangi yenyewe ndiyo inayokutapisha. Acha.

Na wewe usiye raia, sikiliza: uhamiaji hufuata sheria ya shirikisho, si ya jimbo. Kumwambia ofisa kwamba unatumia bangi, hata ya dukani na yenye risiti, kunaweza kukwamisha ombi lako la uraia. Dronabinol hutoka famasi kwa cheti cha daktari, kwenye chupa yenye jina lako.